Kitu Mnachogombania, Kiwekeni Mezani

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Juma hili Baba Yetu imenikwama kooni. Mimi na ndugu yangu wa tumbo moja hatusemezani kwa ajili ya kiwanja cha marehemu baba, na nikifika pale “kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea”, sauti inakata.

Ndipo nikamkumbuka Robert Schuman, mwanasiasa wa Ufaransa. Alizaliwa Luxembourg mwaka 1886 akiwa raia wa Ujerumani, kwa kuwa kwao Lorraine, jimbo la Ufaransa, kulikuwa kumetekwa na Ujerumani. Uraia wa Ufaransa aliupata baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Hakuoa, na Misa ilikuwa chakula chake cha kila siku. Hakuwa malaika: Julai 1940 alikuwa miongoni mwa wabunge waliompigia kura Pétain, kiongozi wa Ufaransa aliyekuja kushirikiana na Wanazi, apewe madaraka yote. Mwaka huohuo Wanazi wakamkamata na kumfunga Metz, kisha wakampeleka Ujerumani, akatoroka mwaka 1942 na kuishi mafichoni.

Mtu kama huyo tungemwelewa angelipiza kisasi. Lakini tarehe 9 Mei 1950, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alipendekeza makaa ya mawe na chuma cha pua vya Ufaransa na Ujerumani visimamiwe na mamlaka moja ya pamoja, na nchi nyingine zikaribishwe. Hivyo ndivyo vitu vilivyofua mizinga! Mwaka uliofuata nchi sita zikatia saini mkataba wa jambo hilo.

Ndugu zangu, nisiwafiche. Sisi tunapeana amani kanisani tukichekeana hadi magego, tukitoka nje kesi ya mpaka inaendelea kwenye baraza la ardhi. Schuman alipotoa pendekezo lake, Vita Kuu ya Pili vilikuwa na miaka mitano tu tangu viishe, makaburi bado mabichi. Hakungoja mioyo ipoe kwanza. Alikishika kitu chenyewe kilichokuwa kikiua watu, akakiweka mahali ambapo hakuna upande ungeweza kukitumia kwa siri kumwangamiza mwenzake. “Heri wapatanishi,” alisema Bwana, na upatanisho una kazi zake: hati itolewe kabatini, hesabu za shamba zisomwe mbele ya wote, kodi ya nyumba ya urithi ipite mikononi mwa watu wawili.

Mwaka 2021 Papa Fransisko alitambua fadhila za kishujaa za mwanasiasa huyu, hatua mojawapo ya kuelekea kutangazwa mtakatifu. Mwanasiasa, jamani!

Viongozi wa jumuiya, Jumamosi hii kabla ya kugawa masomo, ulizeni ni nani na nani hawasalimiani, na wanagombania nini.