Siku moja maishani mwangu: karani wa kura Wagga Wagga

Saa 11:30 alfajiri. Jumamosi hiyo, tarehe 8 Septemba 2018, niliamka kwenda kazini kama karani wa uchaguzi mdogo wa eneobunge la Wagga Wagga, katika jimbo la New South Wales, Australia. Mbunge wetu, Daryl Maguire, aliyekuwa bungeni tangu 1999, alikuwa amejiuzulu baada ya kutoa ushahidi mbele ya tume ya kupambana na rushwa mwezi Julai. Chama chake cha Liberal kilikuwa kinatetea kiti ambacho kilikishikilia tangu 1957.

Saa 1:45 asubuhi. Msimamizi wa kituo aliwaonyesha mawakala sanduku tupu, kisha akalifunga kwa lakiri.

Saa 2. Milango ilifunguliwa. Kila aliyefika nilimwuliza jina lake kamili, anakoishi, na kama alikuwa tayari amepiga kura katika uchaguzi huo. Kisha nikalipiga mstari jina lake sajilini na kumkabidhi karatasi. Huku kupiga kura ni wajibu wa kisheria, na asiyetokea bila sababu ya kutosha hutozwa faini.

Saa 5. Mama mmoja kutoka Burundi aliitambua lafudhi yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niwaandikie namba wagombea wote saba?"

Nilimweleza kwamba 1 peke yake inatosha, lakini akiendelea na 2 na 3, kura yake itahamia kwa anayefuata endapo chaguo lake la kwanza litaondolewa kwa kuwa na kura chache zaidi. Zaidi ya hapo sikuruhusiwa kusema, na ni haki iwe hivyo. Alisimama kibandani muda mrefu, penseli mkononi, huku midomo ikihesabu. Natamani kila mpiga kura angeelezwa kanuni hii kwa lugha yake kabla ya kushika karatasi.

Mchana foleni haikukatika.

Saa 12 jioni. Tulifunga milango, tukamwaga karatasi mezani na kuanza kuzipanga mafungu mbele ya mawakala. Nyingi zilikuwa na 1 tu. Ni kura halali, ila mgombea aliyepewa hiyo 1 akiondolewa, safari ya kura inaishia hapo.

Saa 4:30 usiku nilirudi nyumbani. Hakuna mgombea aliyekaribia nusu ya kura za kwanza. Joe McGirr, daktari aliyesimama bila chama, alitwaa kiti kwa kura zilizohamia kwake kutoka kwa walioondolewa, zile zilizokuwa na namba zaidi ya moja.