Nilivyozuia kilo za korosho zisipotee kwenye seva

Mfumo niliokabidhiwa huku Tandahimba, Mtwara, ni wa chama cha msingi cha wakulima, umeandikwa kwa Java, kwa bini za EJB, yaani klasi zinazoendeshwa na kontena, ile programu ya seva inayosimamia miamala. Mnada ukishapita, unatoa kilo za mkulima ghalani, unakata makato, unaandika malipo na kuweka kumbukumbu ya kila jaribio. Hatua zote zilikuwa muamala mmoja: zikamilike zote au zifutike zote. Malipo yakikwama, muamala wote ulirudi nyuma na kumbukumbu ikafutika nao. Karani anaapa amebonyeza, seva haina habari.

Jamaa mmoja wa Dar akaniambia, "Kaka, weka RequiresNew kila mahali, utalala usingizi." Nikaweka, yaani kila methodi ikiitwa ianze muamala wake mpya. Jumatatu bibi mmoja akasimama mlangoni na stakabadhi yake imekunjwa mara nne. "Mjukuu wangu, kilo zangu mmetoa. Pesa iko wapi?" Nikafungua: kilo 412 zimetoka, malipo hakuna. Kila hatua ilikuwa na muamala wake. Ya kwanza ikakamilika, ya pili ikaanguka. Siku nzima tukashinda na daftari tukilinganisha. Ushauri ule mtu asiufuate, nauchukia mpaka leo.

Nikarudisha Required, ambayo EJB huitumia usipochagua kitu (methodi hujiunga na muamala uliopo, haupo huanzisha wake), RequiresNew nikaiachia methodi ya kumbukumbu peke yake. Bado ikafutika! Kumbe alama ya RequiresNew (annotation) nimeiandika kwenye kiolesura (interface). Kompaila inakubali bila kelele, ila kontena inaisoma kwenye klasi ya bini. Nikaihamisha. Bado. Siku ya tatu, usiku, ndipo nikaona: methodi ya malipo inaiita ile ya kumbukumbu ndani ya klasi ileile, kwa hiyo wito haupiti kwenye kontena, na alama haina wa kuisoma. Nikaitenga kwenye bini yake, nikarusha kosa kwa makusudi katikati ya malipo. Kilo 412 zikarudi ghalani, kumbukumbu ikabaki na saa yake. Nilipiga meza kwa furaha.

Violesura vya bini zilizobaki nikavipanga kwenye ejb-jar.xml, faili la mipangilio ya bini, maana kule unaweza kutofautisha kwa kipengele cha method-intf wito umepitia kiolesura kipi: Remote, cha wanaoita kutoka nje ya seva, nikaipa Required, kwa kuwa kompyuta za maghala huja bila muamala, Local, cha wito wa ndani ya seva, nikaipa Mandatory, ili bini ya ndani ikiitwa bila muamala ipige kelele papo hapo. Kilichoandikwa kwenye faili hilo hushinda alama za kwenye klasi, kwa hiyo lifungue kwanza kabla hujahangaika na kodi ya Java.

Na kosa la kawaida la aina ya Exception, lisilo RuntimeException, halirudishi muamala lenyewe. Kwenye bini ya malipo niliita setRollbackOnly kwa mkono, ili muamala urudi nyuma. Bibi yule alilipwa Alhamisi.