Homoni za ukomo wa hedhi kwa aliyewahi kuganda damu

Kaskazi ikishika hapa Tanga, mwanamke aliyekoma hedhi hubeba joto mara mbili: la hewa na la mwili wake. Saa nane za usiku shuka limelowa, usingizi umekwisha. Akiulizia homoni na kutaja kwamba aliwahi kupata bonge la damu, mara nyingi huambiwa haiwezekani, basi. Jibu hilo ni fupi mno kwa mtu anayeteseka.

Kwanza ijulikane bonge lile lilitokana na nini. La baada ya kuvunjika mguu, upasuaji au uzazi si sawa na lililokuja lenyewe. Hili la pili ndilo lenye tabia ya kurudi. Nenda kwa daktari na kadi za zamani: mwaka, mguuni au mapafuni, warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) ulimeza miezi mingapi, nani mwingine katika ukoo aliganda damu. Kama una vinasaba vya selimundu, hata kama huumwi, sema.

Kisha njia ya homoni kuingia mwilini. Estrojeni, homoni kuu ya tiba hii, ikimezwa hupitia kwenye ini kwanza, na ini huzidisha protini za kugandisha damu. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, waliomeza estrojeni pamoja na projestini (projesteroni ya kutengenezwa) walipata mabonge karibu mara mbili ya wenzao wasiomeza. Ya plasta au jeli huingia kwenye damu kupitia ngozi, na kwa mikrogramu 50 kwa siku au pungufu, tafiti hazijaonyesha ongezeko hilo. Ila wengi wa waliochunguzwa hawakuwahi kuganda damu, ndiyo maana uamuzi wako unahitaji bingwa wa magonjwa ya damu. Mwenye kizazi lazima apewe na projesteroni, la sivyo ukuta wa kizazi hunenepa na unaweza kuzaa saratani.

Plasta hubandikwa chini ya kitovu au takoni, kamwe si kwenye titi, juu ya ngozi kavu isiyo na mafuta ya nazi. Ikandamize kwa kiganja sekunde 10. Jasho letu huibandua pembeni, kwa hiyo ikague kila ukioga.

Usinunue vidonge vya uzazi wa mpango ili "kurudisha hedhi". Vile vyenye estrojeni hulisukuma ini zaidi, na kwako ni hatari kweli.

Homoni zikikataliwa, muulize daktari kuhusu venlafaksini au gabapentini. Zote hupunguza joto la ghafla. Ukavu wa ukeni una krimu yake ya estrojeni, dozi ndogo isiyofika sana kwenye damu.

Ili kulitambua bonge mapema, weka nyumbani utepe wa fundi cherehani. Pima shavu la kila mguu, sentimita 10 chini ya nundu ya mfupa iliyo mbele, chini kidogo ya goti. Mmoja ukizidi mwenzake kwa zaidi ya sentimita 3, nenda hospitali siku hiyohiyo. Pumzi ikikata au kifua kikichoma, usingoje kukuche. Na mama, mguu huo usichuliwe: mkono wa mchuaji unaweza kuling'oa bonge likapanda mapafuni.