Kazi Inayokubali Kuachwa Katikati

Mzazi anayetaka kujiongezea kipato akiwa nyumbani hupewa ushauri mwingi, na karibu wote huanzia kwenye faida: mtaji kiasi gani, bei gani, unabaki na nini. Kwa sisi tunaolea watoto wadogo hapa Kigoma, naona swali la kwanza ni jingine kabisa, nalo ni iwapo kazi yenyewe inakubali kuachwa katikati. Mtoto huamka kabla ya saa uliyomkadiria na hushikwa na homa siku ileile uliyomwahidi mteja mzigo wake. Kazi yenye faida nono isiyoweza kusubiri hata nusu saa humtia mama hasara, au humfanya alee kwa hasira, jambo ambalo kwangu ni hasara kubwa zaidi.

Chukua sabuni. Mkoa wetu ni wa michikichi, mawese yapo kila soko, na anayeishi Ujiji, Gungu au Mwandiga haendi mbali kupata dumu la lita 20. Sabuni ya kipande iliyotengenezwa kwa mawese huwa ngumu na haimomonyoki upesi, na ukichanganya mafuta ya mise, yaani yale ya kokwa za chikichi, povu huongezeka. Tatizo ni kostiki soda, kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Kilo moja ya mawese huhitaji takriban gramu 140 za kostiki au pungufu kidogo. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, na mchanganyiko huo hupata joto kali bila moto wowote, hutoa mvuke unaokaba koo, na tone lake huunguza ngozi. Sufuria za aluminiamu hazifai kwa sababu kostiki huzitafuna. Ukishaanza kukoroga huwezi kuondoka, na ndoo yenye kitu kinachofanana na maji safi, katika nyumba yenye mtoto anayetambaa, ni hatari isiyolipwa na faida yoyote. Wanaotengeneza sabuni kwa kikundi, katika banda la mwenzao asiye na mtoto mdogo, wamepata njia nzuri. Mzazi mwenye mtoto mdogo anaweza kujiunga nao kwa sehemu ya baadaye, kwa kuwa vipande vilivyokwisha kukatwa huhitaji kupangwa juu, mahali penye hewa, kwa wiki nne hadi sita kabla ya kufungwa na kuuzwa, na kazi hiyo haimkimbizi mtu.

Kazi ninayoifanya mimi ni ya dagaa, na siifanyi mwaloni, yaani ufukweni wanakotua wavuvi, bali ukumbini kwangu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali wavuvi hupumzika, kwa kuwa taa zao hazivuti tena samaki kama gizani. Kwa hiyo bei ya jumla pale mwalo wa Kibirizi hupanda na kushuka kwa kufuata mwezi, na mwenye akiba ndogo ya fedha hununua giza linapokuwa nene na mzigo ni mwingi. Mimi hununua waliokwisha kukauka. Ninachouza hasa ni uangalifu: kuwachambua, kuwapepeta, kuwaondolea mchanga na vipande vilivyovunjika, kuwapima kwa mizani na kuwafunga katika mifuko ya nusu kilo na kilo moja. Mteja wa Dar es Salaam hachukii kulipa zaidi. Anachochukia ni mchanga mdomoni. Kwa sababu hiyo, dagaa walioanikwa juu ya chanja au wavu, hata wakiwa ghali kidogo, hunilipa kuliko walioanikwa juu ya mchanga mtupu, ambao hunipotezea asubuhi nzima.

Kazi hii inaachwa wakati wowote. Mtoto akilia, nafunika sinia na kuinuka. Nikirudi jioni dagaa wako vilevile. Jambo moja tu halisubiri, nalo ni unyevu. Dagaa akipindika bila kuvunjika hajakauka, na ukimfungia katika mfuko usiopitisha hewa ataota ukungu kabla basi halijafika Morogoro. Msimu wa mvua nawarudisha juani hata kama muuzaji ameapa kwamba wamekauka.

Mizigo huenda kwa basi, na malipo huja kwa simu kabla mzigo haujaondoka. Kanuni hiyo haina ubaguzi, ingawa ndugu zangu walioko mjini huiona ni ukosefu wa adabu. Wanisamehe, mdai wa shangazi yake hana pa kwenda kushtaki.

Anayetaka kuuza madukani, badala ya kuuza kwa watu anaowafahamu, ajue kwamba atahitaji alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na kwamba mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambako hupata barua ya utambulisho. Mimi sijafika huko kwa kuwa wateja wangu bado ni wa kuambiana.

Kuna njia nyingine isiyodai mikono kabisa, nayo ni kununua madumu ya mawese wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na kuyauza yanapoadimika. Sharti ni kwamba mafuta yawe yamechemshwa hadi maji yakaisha, kwa sababu maji yanayobaki ndani ndiyo yanayoyaharibu, na dumu liwekwe gizani, mdomo wake ukiwa umefungwa vizuri. Hasara ya njia hii ni kwamba fedha yako inalala kwa miezi, na mtoto hasubiri mavuno ili avae sare ya shule.

Kuhusu fedha zenyewe, mboga ya nyumbani ikitoka kwenye gunia la biashara hulipiwa, hata kama mlipaji na mlipwaji ni mtu mmoja. Mume wangu alicheka aliponiona nikihamisha shilingi kutoka kopo moja kwenda jingine, lakini bila hivyo mtu hawezi kujua kama anafanya biashara au anakula mtaji taratibu.

Wenzangu wa mtaani sasa wanataka tuombe mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, na hauna riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Sina shaka na mkopo. Shaka yangu ni kalenda. Mwaka huohuo wa 2024, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane, na katika miezi kama hiyo wenye dagaa wa akiba huuza kwa bei nzuri, huku wasio na akiba wakikaa bure. Marejesho hayangojei ziwa lifunguliwe. Pendekezo langu kwa kikundi ni kwamba nusu ya fedha inunue dagaa waliokauka vizuri kabla ya Mei, na nusu nyingine inunue mawese, kisha tuhesabu marejesho kwa mauzo ya mawese peke yake. Bado tunajadiliana.