Kina Elisabeth wa darasa letu

Jumapili, kwenye matangazo, padri alikumbusha kwamba tarehe 17 Novemba ni sikukuu ya Mtakatifu Elisabeth wa Hungaria, akaomba wenye jina hilo wasimame. Nikabaki nimekaa. Binti yangu alinichokoza kwa kiwiko, na nilipoinuka makofi yalikuwa yameshapoa.

Kwanza, kwangu sikukuu hiyo ni tarehe 19. Ndivyo ilivyokuwa hadi kalenda ya Kanisa iliporekebishwa mwaka 1969, na masista walituzoesha hivyo. Ndio walionisimulia habari za yule binti wa mfalme aliyefariki mwaka 1231 akiwa na miaka 24, mjane, amejenga hospitali akihudumia wagonjwa kwa mikono yake. Wanasema siku moja alificha mikate ya maskini ndani ya joho, na alipolazimishwa kulifunua yakaonekana mawaridi. Kwa muda mrefu nilikuwa nachungulia kapu la mama akitoka soko. Mboga za lengalenga tu.

Mama ndiye aliyenipa jina, lakini si kwa ajili ya huyo. Wake alikuwa yule wa Injili ya Luka, mama wa Yohane, aliyepata mtoto uzeeni. Naye alikuwa amesubiri sana. Baba hakutafuta mbali hivyo: alisema jina aliliona juu ya kila bahasha iliyofika kazini, Union Minière, kampuni ya madini. Mji wetu, huku Kongo, uliitwa Elisabethville tangu 1910, kwa heshima ya mke wa mfalme Albert wa Ubelgiji, mzaliwa wa Bavaria, ambaye naye alirithi jina la shangazi yake, malkia wa Austria. Nilipozaliwa, kina Elisabeth walijaa kila mtaa wa Kenia, sehemu yetu ya mji.

Mwaka 1966 mji ukawa Lubumbashi. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire. Halafu 1972, Rais Mobutu akiwa ameshatupa Joseph-Désiré wake, ikafika zamu yetu kuacha majina ya Kikristo na kuchukua ya Kiafrika.

Ninaiona ile asubuhi. Rejista kubwa ya jalada la kijani iko wazi mezani. Mwalimu ana rula ya mbao na kalamu mbili, nyekundu na bluu. Kabla ya likizo yeye mwenyewe alikuwa Jean. Sasa ni Sitwayeni, yaani raia, na shati lake limefungwa hadi kooni bila tai. Anaita jina la zamani, unasimama, unasema jipya. Analaza rula chini ya lile la zamani, anavuta mstari mwekundu taratibu, anapuliza wino ukauke, ndipo anaandika la bluu juu yake. Kila jina linapulizwa. Darasa zima tunasikia ile pumzi.

Alipofika kwa "Elisabeth" tulisimama wengi kwa pamoja, akacheka, cheko la pekee asubuhi ile. Nikasema: Ngoie. Jina la nkambo, mama yake baba. Yule wa dawati la nyuma yangu hakusema kitu. Mwalimu akamuuliza tena, kwa upole. Akajibu, "Baba hajanipa bado." Mwalimu akainua rula, akatazama mlangoni, akaruka mstari huo, akaita anayefuata. Hadi leo sijui kama ulikuwa ukaidi wa baba yule au kukosa muda tu, maana alifanya kazi usiku.

Jioni nilimlilia baba. Alikuwa anapepea mbabula, jiko la makaa. Akasema, "Balibadirisha jina ya muji muzima, na mvula iko inanyesha tu."

Yaliyofuata ni mafupi. Kardinali Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alipinga, akakaa uhamishoni Roma kwa miezi kadhaa. Kitabu cha ubatizo parokiani hakikuguswa, kwa hiyo mbele ya Mungu nilibaki Elisabeth, na mbele ya serikali Ngoie. Baada ya 1990 watu walianza kuyarudisha majina yao kimyakimya. Mimi nilijaribu kazini. Mwezi ule mshahara ukachelewa kwa sababu mhasibu alikuwa akimtafuta Ngoie. Nikaacha.

Siku hizi ukiniita Elisabeth barabarani, nageuka kutafuta anayeitwa. Binti yangu ameshamwandikisha mtoto wake kwa jina hilo, na anaapa kwamba hakulichagua kwa ajili yangu, amelipenda tu. Namwamini, nusunusu.