Bastola nimeuza, karatasi nimebaki nazo

Hapa Texas, ukimuuzia bastola mkazi mwenzako wa jimbo hili, sheria haikudai upeleke karatasi popote. Mnapatana bei, anakupa hela, unampa mali, kila mtu na hamsini zake. Hata hivyo nilitaka kumbukumbu, kwa sababu ya jinsi silaha zinavyofuatiliwa Marekani. Polisi wakiikuta bastola kwenye tukio, ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, huanzia kiwandani, kisha kwa msambazaji, mpaka dukani, ambako hutafutwa Fomu 4473, ile aliyoijaza mnunuzi wa kwanza. Kwa kawaida njia inaishia hapo. Mnunuzi wa kwanza wa bastola niliyouza, aina ya Glock, ni mimi, kwa hiyo mlango utakaogongwa ni wangu, hata kama imeshapita mikono mingapi.

Nikaandaa hati ya mauziano ya ukurasa mmoja, nakala mbili. Kazi ilikuwa kwenye namba ya utambulisho ya bastola. Iko kwenye kibati kidogo chini ya fremu, mbele ya kifyatulio, na maandishi yake ni madogo kweli. Baada ya kuhakikisha haina risasi, nilimulika kwa tochi ya simu nikasoma herufi mojamoja, mnunuzi akaandika; kisha tukabadilishana, yeye akasoma, mimi nikahakiki.

Kwenye kitambulisho tulivutana kidogo. Nilitaka kuipiga picha leseni yake ya udereva, akagoma: hawezi kuiacha kwenye simu ya mtu asiyemjua. Sikumlaumu, hata mimi ningegoma. Akanionyesha tu, nikaona ni ya Texas, nikanakili jina na namba. Ingekuwa ya jimbo jingine, biashara ingekufa palepale, maana mauzo ya watu wa majimbo tofauti lazima yapitie kwa muuzaji mwenye leseni. Akaandika kwa mkono wake kwamba hajazuiwa kumiliki silaha, tukasaini, tukaweka tarehe.

Hati niliibana pamoja na risiti ya dukani, nikaifungia kwenye kabati la chuma. Mke wangu anajua ilipo, kwani polisi hawachagui siku ambayo nipo nyumbani.

Baadaye simu ikaja kweli, ila si ya polisi. Mnunuzi alivunjiwa gari, bastola ikaenda, na askari aliyekuwa anaandika ripoti anataka namba. Nakala yake ilikuwa kwenye droo ya dashibodi, nayo imebebwa. Nikatoa hati kabatini nikamsomea namba, kisha nyuma ya hati yangu nikaandika tarehe ya wizi na namba ya ripoti.