Siku yangu moja kazini: kuwaongoza wageni kupiga mbizi wakati wa upepo wa kusi

Saa 10:30 alfajiri. Kabla sijafungua mlango nasikiliza mwamba wa nje. Leo hausemi sana. Ni bamvua, maji yamejaa pomoni, mawimbi yanapita juu ya mwamba bila kugusa kitu. Maji yakipwa ndipo kishindo kitaanza.

Saa 12 asubuhi, pwani ya Matemwe, Unguja. Napakia mitungi ya hewa, mikanda ya vipande vya risasi vya kutusaidia kuzama, maji ya kunywa, tangawizi ya watakaotapika. "Shikamoo, Ami." "Marahaba. Bahari imechafuka." Ami ndiye nahodha wetu.

Natazama boya na kuhesabu linavyopanda na kushuka. Julai mawimbi ni mawili, moja limembeba mwenzake. La juu ni fupi, la upepo wa jana usiku, sekunde 4 kutoka kilele hadi kilele. Chini yake lipo refu la sekunde 8, ambalo kusi imelisukuma siku kadhaa kwenye bahari wazi. Upepo ukipewa muda na nafasi, wimbi hurefuka. Ukitaka urefu wake kwenye kina kikubwa, yaani mita kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata, zidisha sekunde kwa zenyewe, kisha mara moja na nusu: la kwanza mita 24, la pili karibu 100. Ami hahesabu. Anakodoa macho tu, anasema, "Hili refu limetoka mbali."

Saa 1:30, mlangoni, uwazi wa mwamba tunapotokea. Hapa ndipo ninapomheshimu mzee. Wimbi lililokuwa likikimbia kama kilomita 45 kwa saa huko nje, likifika penye mita 2 za maji linabaki na 16 hivi. Chini linaburuzwa na mwamba, nyuma yake wenzake wanakuja, basi linabanwa, linasimama wima, linapinduka. Wimbi lenye kimo cha mita moja na nusu huvunjika hapo hapo, kwenye kina cha mita 2. Sekunde 8 zinabaki 8. Urefu ndio unaoliwa. Ami anaacha makubwa matatu yapite, anaona mwanya, anatia mashine. Tumetoka, na mgeni mmoja tayari ameomba tangawizi.

Saa 3, kisiwa cha Mnemba, chini ya maji. Watu hudhani ukizama tu umeachana na bahari iliyochafuka. Si kweli. Wimbi halisafirishi maji, linayazungusha, na mzunguko huo hupungua unavyoshuka mpaka kwenye kina cha nusu ya urefu wa wimbi, ambapo humalizika. La sekunde 4 tuliliacha kwenye mita 12. Lakini la mita 100 lingetaka tushuke 50, na sisi tuko 18, sakafu iko 20. Hapo chini duara limebanwa likawa mstari: karibu mita 1 mbele, karibu mita 1 nyuma, kama mtu anayekuvuta shati. Samaki wote wanakwenda na kurudi pamoja, nyasi zinalala huku, zinalala kule. Mgeni mpya anapigana nalo, anamaliza hewa kwa dakika 25. Namwonyesha kwa mkono: likikupeleka unakotaka, piga mapezi, likirudi, tulia. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kushika jiwe. Jiwe lilikuwa tumbawe linalochoma, alama ninayo kiganjani.

Saa 5, tunakula chapati nyuma ya kisiwa. Mngedhani huku ni shwari kabisa. Wimbi likikaribia kina kifupi upande mmoja hupunguza mwendo upande huo, likageuka, likakizunguka kisiwa. Mawimbi yanakuja kutoka pande zote mbili, yanakutana hapa, na chombo kinatikisika ovyo. Aliyetapika anatapika tena, maskini.

Saa 7:30 mchana tunarudi na maji yanajaa. Kina mama wa mwani wanatoka na viroba kichwani, maji yamewafika magotini.

Saa 10 jioni, nasuuza vifaa. Mgeni ananiuliza kuhusu Desemba 26, 2004, kama kweli lile wimbi la Sumatra lilifika huku. Lilifika, siku ile ile, na watu walikufa Afrika Mashariki pia. Urefu wake ni mamia ya kilomita, namwambia, kwa hiyo kwake Bahari ya Hindi yote, hata penye kina cha mita 4,000, ni kama maji ya magoti kwetu. Linaigusa sakafu njia nzima. Na penye kina hicho linakwenda zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Akaacha kufuta miwani yake.

Saa 4 usiku. Kitanda kinanipeleka mbele na kunirudisha nyuma. Mwamba unanguruma mbali kabisa, maji yametoka. Kesho yatachelewa zaidi ya nusu saa, Ami kasema tukutane saa 12:30. Nusu saa ya usingizi, naichukua.